Kona ya Kompyuta: Nani yuko kazini saa nane za usiku?

Mwezi huu kona nzima imechukuliwa na barua moja, nanyi mlioniuliza kuhusu simu zinazojaa picha mtanivumilia hadi toleo lijalo.

Barua imetoka kwa mama mmoja wa Leicester, mweka hazina mpya wa umoja wa kufa na kuzikana. Wanachama wao wengi wako Uingereza, wengine Muscat, wengine Toronto, na wapo waliokwisha kurudi Dar es Salaam lakini bado wanachangia. Daftari la umoja halipo tena kwenye kitabu cha mistari. Nani amelipa, amelipa lini, ndugu wa kuarifiwa ni nani, mtu mwenyewe ameomba azikwe wapi: yote hayo yamo kwenye seva ndogo ya kukodi. Aliyeipanga ni kijana mwanafunzi, hodari kweli, ambaye amemaliza shahada yake na kuondoka. Ameacha neno la siri, na karatasi yenye mistari mitatu ambayo mama anasema inafanana na namba za bahati nasibu.

Ana malalamiko matatu. Kwanza, ukumbusho wa mchango unawafikia watu wa Toronto katikati ya usiku, na mzee mmoja amesema akiusikia tena atajitoa. Pili, taarifa ya hesabu iliyotakiwa kwenda mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya mwisho, inakwenda karibu kila Jumamosi, na siku nyingine ambazo hakuna anayezielewa. La tatu ameliweka mwishoni kana kwamba ni dogo: folda ya nakala za akiba ina faili moja tu, la mwaka jana.

Mama, hilo la tatu ndilo lililonifanya niache chai yangu ipoe. Seva hiyo ikifa leo, hakuna atakayejua nani alilipa na nani hakulipa. Na umoja wa namna hii hauulizwi habari za daftari siku ya raha. Unaulizwa siku maiti iko hospitali na ndugu wanasubiri kuambiwa tiketi italipwa na nani.

Haya, hii ndiyo mistari yenyewe:

0 7 1 * * /home/umoja/kumbusho.sh
0 9 28-31 * 6 /home/umoja/hesabu.sh
0 2 * * * tar czf /home/umoja/nakala/daftari-$(date +%F).tgz /home/umoja/daftari

Si bahati nasibu. Ni ratiba ya mfanyakazi asiyelala. Karibu kila seva inayotumia Linux ina programu ambayo jina lake huandikwa cron, nasi hapa tutaiita kroni. Wengi husema jina limetokana na neno la Kigiriki la wakati. Ilizaliwa na mfumo wa Unix katika maabara za Bell huko Marekani, miaka ya 1970, na aina iliyosambaa zaidi iliandikwa na Paul Vixie mwaka 1987. Kazi yake ni nyepesi kueleza: kila dakika inaamka, inatazama ratiba, inauliza "kuna jambo la dakika hii?" Likiwapo, inalianzisha. Lisipokuwapo, inarudi kulala. Haichoki na haisahau. Lakini haifikiri pia, na matatizo yote matatu ya mama yanatoka hapo.

Kila mstari una vyumba vitano kabla ya amri. Cha kwanza ni dakika, cha pili saa, cha tatu tarehe ya mwezi, cha nne mwezi, cha tano siku ya wiki. Kinyota maana yake ni "yoyote". Basi mstari wa kwanza unasomeka: dakika ya 0, saa 7, tarehe 1, mwezi wowote, siku yoyote ya wiki, endesha kumbusho.sh. Ukitaka kila dakika tano utaandika */5 katika chumba cha kwanza. Hapo umeshajua sehemu kubwa ya lugha hii.

Sasa sisi Waswahili tuna mitego miwili ambayo vitabu vya Kiingereza havitatuonya. Wa kwanza ni saa. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na hata mtu aliyekaa Leicester miaka thelathini, ambako Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili, bado atakwambia "njoo saa mbili" akiwa na maana ya saa ambayo Mwingereza anaiita nane. Kroni inahesabu kuanzia usiku wa manane, 0 hadi 23. Kwa hiyo saa ya asubuhi au mchana unaiongezea sita: saa moja asubuhi ni 7, saa tisa alasiri ni 15. Saa za usiku kabla ya usiku wa manane unaongeza kumi na nane: saa mbili usiku ni 20. Saa za baada ya usiku wa manane unapunguza sita: saa nane usiku ni 2. Namfahamu mtu aliyeandika 8 akitaka saa nane za usiku, na kazi nzito ya seva ikawa inaanza asubuhi wateja wanapofungua maduka.

Mtego wa pili ni siku. Kroni inasema Jumapili ni 0, Jumatatu ni 1, Jumanne ni 2, hadi Jumamosi ambayo ni 6. Sisi jina lenyewe linatuambia Jumatatu ni ya tatu na Jumatano ni ya tano. Ukifuata sikio lako, kazi ya Jumatano utaipa 5, nayo itaendeshwa Ijumaa. Kanuni ni kupunguza mbili: tatu inakuwa moja, nne inakuwa mbili, tano inakuwa tatu, na Jumapili, ambayo ni pili, inakuwa sifuri. Alhamisi inatupwa nje ya hesabu hii kwa sababu jina lake ni la Kiarabu lenye maana ya ya tano, na kwa kroni ni 4. Ukichoka na hesabu, kroni inakubali pia herufi tatu za mwanzo za majina ya Kiingereza: mon, wed, sat. Mimi hutumia hizo ninapoandikia watu wengine.

Turudi Toronto. Kijana aliandika saa 7 akiwazia asubuhi ya Leicester. Lakini seva haiko Leicester kwa maana ya saa. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa zimewekwa kwenye saa ya dunia inayoitwa UTC, ambayo haibadiliki kiangazi wala baridi. Saa 7 ya UTC ni saa nne asubuhi Dar es Salaam, saa tano asubuhi Muscat, saa moja asubuhi Leicester wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Toronto ni saa nane usiku wakati wa baridi, saa tisa wakati wa kiangazi.

Wasiokaa ugenini hawawezi kuelewa kwa nini mzee yule alikasirika kiasi kile. Sisi tunaelewa. Simu ikilia saa nane usiku huna haja ya kuangalia namba, moyo umeshajua ni nyumbani na umeshaanza kuhesabu nani alikuwa mgonjwa. Halafu ujumbe wenyewe unatoka umoja wa kuzikana! Unaufungua kwa mikono inayotetemeka, unakuta unakumbushwa mchango wa mwezi. Hata mimi ningejitoa.

Dawa yake ni kutafuta saa moja ambayo kila mtu yuko macho. Nimezipanga kwenye karatasi: saa 15 ya UTC ni saa moja jioni Muscat, saa kumi na mbili jioni Dar, saa tisa au kumi alasiri Leicester, na saa nne au tano asubuhi Toronto. Kwa hiyo mstari uwe:

0 15 1 * * /home/umoja/kumbusho.sh

Kuna watakaoshauri badala yake kuibadili seva itumie saa ya London. Sikubaliani nao. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani na sehemu kubwa ya Kanada hufanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Usiku wa Machi ipo saa nzima ambayo haitokei kabisa: London unatoka saa saba kamili usiku unaingia saa nane. Kazi uliyoipanga saa saba na nusu haina mahali pa kusimama. Usiku wa Oktoba saa ileile inapita mara mbili. Kroni ya Vixie ina akili fulani ya kushughulikia hilo, lakini si kila programu ya aina hii inayo, na kazi ya kutoza michango ikiendeshwa mara mbili utapokea simu nyingi kuliko unavyotaka. Afrika Mashariki na Oman hatuna mchezo huo wa kusogeza saa, ndiyo maana vijana waliojifunzia nyumbani hawauwazii. Iache seva kwenye UTC, kisha wewe ndiye ufanye hesabu ya kuongeza na kupunguza. Zipo kroni, kama ile ya mifumo ya jamii ya Red Hat, zinazokubali uandike mstari wa CRON_TZ wa kutaja saa ya mji fulani. Usiutegemee kabla ya kusoma mwongozo wa seva yako kwa amri ya man 5 crontab.

Hapo hapo niwajibu wale wanaouliza kila Ramadhani kama kroni inaweza kuwaadhinia nyumbani kwa kompyuta ndogo na spika. Peke yake haiwezi, kwa sababu saa ya Magharibi ya leo si ya kesho, na kroni inajua saa tu, haijui jua. Wanaofanikiwa huweka kazi moja baada ya usiku wa manane. Kazi hiyo inapiga hesabu ya nyakati za siku hiyo kwa mji wao, kisha inapanga kazi nyingine tano za mara moja kwa programu iitwayo at. Kroni ya kupanga ratiba ya kroni, ndivyo inavyokuwa.

Lalamiko la pili linachekesha kidogo, na kosa lake limewahi kuwapata mafundi wakubwa. Utazame tena mstari: 28-31 katika chumba cha tarehe, 6 katika chumba cha siku. Kijana aliwaza hivi: Jumamosi inayoangukia kati ya tarehe 28 na 31, basi ndiyo ya mwisho. Kwanza hata wazo lenyewe lina tundu, maana Jumamosi ya mwisho inaweza kuwa tarehe 25. Lakini kubwa ni kwamba kroni haisomi hivyo. Vyumba vingine vyote huunganishwa kwa "na", ila hivi viwili, tarehe na siku ya wiki, vikijazwa vyote huunganishwa kwa "au". Basi kroni imesoma: tarehe 28 hadi 31, au Jumamosi yoyote. Mwezi wa siku 31 hiyo ni mara saba au nane. Wanachama hawakuwa wakitia chumvi.

Kroni haina neno la "Jumamosi ya mwisho". Tunachofanya ni kuiambia iamke kila Jumamosi, kisha amri yenyewe ijiulize kama siku saba mbele tutakuwa mwezi mwingine. Kama ndiyo, hii ndiyo ya mwisho:

0 15 * * 6 [ "$(date -d '+7 days' +\%m)" != "$(date +\%m)" ] && /home/umoja/hesabu.sh

Nafasi zilizo kando ya mabano zina maana, usizibane. Na mkwaju ule uliokaa mbele ya alama ya asilimia haukuwekwa kwa urembo. Ndio unaotupeleka kwenye jambo zito.

Mstari wa tatu ulipaswa kutengeneza nakala mpya ya daftari kila usiku, ikibeba tarehe ya siku hiyo katika jina lake. Folda ina faili moja. Ninavyoona mimi, faili hilo lilitengenezwa siku kijana alipoijaribu amri kwa mkono wake, na tangu siku hiyo kroni haijatengeneza hata moja. Sababu ni alama ya asilimia. Ukiandika amri kwa mkono, asilimia ni asilimia. Ndani ya ratiba ya kroni, asilimia isiyo na mkwaju maana yake ni "mstari umekwisha hapa". Amri inakatwa katikati, kompyuta inapokea nusu ya sentensi, inashindwa, na mambo yanaishia hapo. Kila usiku, saa nane, kwa uaminifu mkubwa, imekuwa ikishindwa.

Mama anaweza kuhakikisha mwenyewe. Kwenye seva za Ubuntu au Debian aandike:

grep CRON /var/log/syslog

Isipotoa kitu, ajaribu journalctl -u cron. Ataona kila usiku kroni imeandika kwamba imeendesha amri, na atakapoisoma ataikuta imekatwa palepale kwenye asilimia. Angalia neno hilo: imeendesha. Kroni haisemi imefaulu. Kazi yake ni kuanzisha, kama mtu wa kugonga mlango wa dereva alfajiri. Dereva akiamka, akirudi kulala, yeye ameshagonga na ameandika kwamba amegonga. Kijana huenda aliangalia kumbukumbu hizo mara moja, akaona mistari inaingia, akaridhika.

Mstari ulionyooka ni huu:

17 2 * * * tar czf /home/umoja/nakala/daftari-$(date +\%F).tgz /home/umoja/daftari >> /home/umoja/nakala.log 2>&1

Nimeongeza mambo mawili. Dakika 17 badala ya 0, kwa sababu dunia nzima hupanga kazi zake kwenye saa kamili, na seva za kukodi zinazokaa nyumba moja huanza kugombania mlango kwa pamoja. Dakika yoyote isiyo na mpangilio inafaa. La pili ni ule mkia wa mwisho, unaoiambia kompyuta iandike kila inachosema, malalamiko yakiwemo, katika faili la nakala.log. Bila mkia huo kroni hujaribu kumtumia mwenye kazi barua pepe ya ndani, na seva nyingi ndogo hazina programu ya barua kabisa. Hapo barua hutupwa. Kumbukumbu huandika tu "No MTA installed, discarding output", na hakuna asomaye.

Msidhani haya huwapata vyama vidogo tu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilipata ajali ambayo yenyewe iliieleza hadharani kwa uwazi wa kupendeza. Fundi aliyekuwa akihangaika na tatizo lingine alifuta folda ya hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye ile kuu. Alistuka baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia nakala za kila siku. Mahali pa kuhifadhia palikuwa patupu. Programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata yenyewe ni ya 9.6, basi kazi ilikuwa ikishindwa kila ilipoamshwa. Kroni ilituma barua pepe kutoa taarifa ya kushindwa, na mfumo wao wa barua ukazikataa kwa sababu hazikuwa na sahihi inayotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi za saa hizo sita zilipotea.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni zile barua pepe. Kengele ilikuwepo, ila haikuwa na njia ya kusikika. Kwa hiyo mimi siamini kabisa mipango ya "utaarifiwa kukiwa na tatizo". Nataka niarifiwe kukiwa salama, ili kimya ndicho kiwe tatizo. Zipo huduma za mtandaoni za kazi hiyo: kazi yako ikimaliza vizuri inabisha hodi kwao, na hodi isiposikika kwa muda uliopanga wanakuandikia. Kwa umoja mdogo hata hilo si lazima. Kwa kuwa seva tayari inajua kutuma ujumbe wa michango, iongezewe kazi ya Jumapili inayowatumia watu wawili, mweka hazina na katibu, orodha ya mafaili ya nakala pamoja na ukubwa wake. Wawili, maana mmoja atasafiri. Mkiona faili la jana halipo, au lina ukubwa wa baiti chache wakati ya nyuma yalikuwa makubwa, mnajua siku ileile.

Na nakala iliyokaa kwenye seva ileile si nakala. Kodi ya seva isipolipwa kwa sababu kadi iliyosajiliwa ni ya kijana aliyeondoka, vyote viwili vinakwenda pamoja. Mama, hili liangalie kabla hujagusa kitu kingine chochote: kadi ni ya nani na barua za kudai kodi zinakwenda kwa nani. Halafu apatikane mtu wa kuhamisha nakala kila wiki kwenda mahali pa pili, kompyuta ya katibu au hifadhi nyingine ya kukodi, ikiwa imefungwa kwa neno la siri, kwa sababu mna majina ya watu na namba za ndugu zao humo.

Kuhusu kijana kuondoka kuna jambo moja zaidi. Kila mtumiaji wa seva ana ratiba yake ya kroni. Ukiandika crontab -l unaona ya kwako tu. Ya mwingine inaonekana kwa sudo crontab -u ikifuatiwa na jina la akaunti yake, kisha -l. Nyingine hukaa katika /etc/crontab na folda ya /etc/cron.d, ambako mistari ina chumba cha sita chenye jina la mtumiaji. Siku hizi kuna na saa za systemd, zinazoonekana kwa systemctl list-timers. Pitia zote. Nimeshaona umoja ukifuta akaunti ya katibu wa zamani kwa usalama, jambo zuri kabisa, na kwa kufanya hivyo wakasimamisha kila kilichokuwa kikienda kwa jina lake. Hamishia kazi zote kwenye akaunti ya umoja kwanza, ya kijana ifutwe baadaye.

Kabla ya kubadili chochote, toa nakala ya ratiba yenyewe:

crontab -l > ratiba-ya-zamani.txt

Nasisitiza kwa sababu kuhariri ratiba ni crontab -e, na kuifuta yote ni crontab -r, na herufi hizo mbili zimekaa jirani kwenye kibodi. Ile ya kufuta haiulizi "una hakika?" Sijui nani aliyeona huo ni mpango mzuri.

Kwa wanafunzi mnaotaka kuitumia kroni kwenye kompyuta za mapajani kuhifadhi tasnifu zenu: kompyuta iliyofungwa saa nane usiku haiendeshi kitu, na ikifunguliwa asubuhi kroni haitalipa deni la usiku. Tumieni anacron, ambayo huuliza "siku ngapi zimepita tangu mara ya mwisho?" badala ya kuuliza saa, au saa ya systemd yenye Persistent=true. Na amri inayofanya kazi mkiiandika kwa mkono lakini inashindwa ndani ya kroni, mara nyingi kosa ni njia: kroni haijui mazingira yenu, hutafuta programu katika folda chache tu. Andikeni njia nzima kuanzia mkwaju wa kwanza.

Mama mweka hazina, ukimaliza kurekebisha usingoje usiku. Badili mstari wa nakala kwa muda uwe dakika tano mbele ya sasa, kwa saa ya seva, ambayo utaiona kwa amri ya date. Ngoja dakika hizo. Faili likitokea, lishushe kwenye kompyuta yako, lifungue, na umtafute mwanachama aliyelipa juzi. Ukimwona jina na kiasi, rudisha mstari kwenye 17 2. Usipomwona, niandikie ukubwa wa faili na mistari ya mwisho ya nakala.log, nitakujibu kabla ya toleo lijalo.